“Anasikia Anachotaka”: Dhana Potofu Kuhusu Masikio ya Uzeeni

Juzi nimeisikia tena. Binti kamleta baba yake kupimwa, na mzee hajakaa vizuri kwenye kiti binti ameshaanza: “Daktari, tusidanganyane, baba anasikia anachotaka. Kaka akimwita anaitika. Nikimwita mimi, kimya.” Mzee akatabasamu kwa unyonge, kama mtu aliyezoea kushtakiwa.

Nianze na hiyo, kwa sababu ndiyo inayoharibu nyumba nyingi kuliko zote.

Ndani ya koklea, ule mfereji uliojiviringa kama konokono, kila sikio lina seli za vinyweleo zipatazo 15,000. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Ndege huziotesha upya. Sisi mamalia hatujajaliwa hivyo. Zimejipanga kama vitufe vya kinanda: zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, za mwisho kabisa hupokea sauti nzito. Uharibifu wa uzeeni huanzia mlangoni. Kwa hiyo mzee hapotezi sauti zote kwa kipimo kimoja. Anaanza kupoteza zile nyembamba, nzito zinabaki.

Sasa itazame lugha yetu. Irabu zina sauti nzito yenye nguvu. Konsonanti kama s, f, t na k ni hafifu, na nyingi ziko kwenye sauti nyembamba. Chukua saa, taa, kaa, faa na paa. Mzee anaisikia “aa” waziwazi, ila kilichoitangulia kimepotea. Anajua umesema, hajui umesema nini. Yule baba nilimtajia maneno hayo nikiwa nimeziba mdomo kwa karatasi. “Taa” akairudisha “kaa”. “Saa” akairudisha “paa”. Kwa “faa” akanyamaza. Nikashusha karatasi ili aione midomo yangu, “faa” na “paa” akazipata zote mbili bila kusita. Binti alikuwa amekaa pale pale, na hakulirudia tena lile neno lake.

Kuhusu kaka: sauti ya mwanamume kwa kawaida ni nzito, inaangukia pale ambapo sikio la mzee bado lina uhai. Sauti za wanawake na watoto wadogo ndizo zinazoanza kupotea. Hapo hakuna upendeleo.

“Mbona tukimsema chumba cha pili anasikia?” Nyumba imetulia, anayeongea ni mmoja, na jina lake amelizoea tangu utotoni; ubongo unajaza mapengo yaliyobaki. Mweke mezani na watu sita wanaoongea kwa mpigo, hana cha kujazia. Na kazi hiyo ya kujaza inachosha. Ndiyo maana asubuhi anaelewa vizuri, jioni anajibu mambo yasiyohusiana. Mwaka 2009 watafiti wa masikio Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwamba panya waliopigwa na kelele wanaweza kurudi kwenye vipimo vya kawaida huku viungio vingi kati ya seli za vinyweleo na neva vikiwa vimekufa kabisa. Kwa binadamu jambo hili linaendelea kuchunguzwa, lakini linalingana na ninachokiona: mtu anafaulu kipimo cha milio kwenye chumba kimya, halafu penye kelele haambulii kitu. Msimwite mkaidi.

Kutoka hapo watu hurukia kosa la pili: kupiga kelele. Ukipaza sauti, irabu ndizo zinazopanda, na hizo alikuwa anazisikia tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, seli zilizokufa ni pamoja na zile zinazosawazisha ukubwa wa sauti, hivyo sauti ndogo haimfikii na sauti kubwa kidogo tu inamuumiza. Ndiyo sababu anakuambia “ongea zaidi” na dakika hiyo hiyo anakuambia “usinifokee”. Yote mawili ni kweli.

Fanya hivi: mwite jina kwanza, subiri akutazame, mwanga uwe usoni mwako na si mgongoni, zima televisheni, kisha ongea taratibu kwa sauti ya kawaida. Asipoelewa, badilisha maneno. Usirudie sentensi ile ile mara tatu. Na tafadhali sana, msimwambie “basi, achana nayo, si muhimu.” Nimeshuhudia wazee wanaoacha kuuliza kwa sababu ya maneno hayo. Wakiacha kuuliza wanaacha kukaa na watu, na ukimya wa mtu wa namna hiyo watu huudhania utulivu wa uzee.

“Ni uzee tu, hakuna cha kufanya.” Uzee umo, na urithi umo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwasumbua. Lakini uzee hauji peke yake. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini chanzo kikuu ni kudhoofika kwa stria vascularis, ile “betri” inayoilisha koklea nguvu ya umeme. Mwaka 2020 kundi la Liberman lilichapisha uchunguzi wa masikio 120 ya watu waliokufa, wakahesabu seli moja moja chini ya hadubini, na kifo cha seli za vinyweleo kikaeleza upotevu wa kusikia vizuri kuliko betri. Zamani kidogo, mwaka 1962, Samuel Rosen alichapisha matokeo ya kuwapima Wamabaan wa kusini-mashariki mwa Sudan ya wakati huo, watu walioishi bila kelele kubwa, akakuta wazee wao wanasikia vizuri ajabu. Walikuwa pia na shinikizo la damu la chini, hivyo sifa zote hatuwezi kuzipa ukimya. Kelele, sigara, kisukari na dawa kama gentamisini vyote huchangia, na vingi kati ya hivyo vinadhibitika ukiwa bado kijana.

“Kutosikia hakuna madhara, ni kero tu.” Frank Lin na wenzake, mwaka 2011, walifuatilia watu 639 kwa takriban miaka 12. Waliokuwa na upungufu mdogo wa kusikia walipata dimensha, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, karibu mara mbili ya wenzao, na wenye upungufu mkubwa mara tano hivi. Huo ni uhusiano. Haumaanishi kila asiyesikia atapoteza kumbukumbu. Mwaka 2023 jaribio la watu 977 wenye miaka 70 hadi 84 halikuona faida ya vifaa vya kusikia kwa akili za kundi zima ndani ya miaka mitatu, lakini kwa waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya akili kudorora, kasi ya kudorora huko ilipungua kwa 48%. Mimi hizo takwimu zinanitosha kukuomba usimwache mzee asubiri.

“Mashine za masikio zinalemaza sikio.” Hapana. Sikio lisilopata sauti ndilo linaloufanya ubongo usahau maneno. Siku za kwanza vikombe na makaratasi vitamkera kwa makelele, kwani ubongo umezisahau sauti hizo. Azivae kila siku, saa nyingi, kwa wiki kadhaa kabla ya kuzihukumu. Zikikaa kwenye droo hazimfundishi mtu.

“Ni nta tu.” Wakati mwingine ndiyo, na ikitolewa anasikia. Lakini pamba za vijiti huisukuma ndani zaidi. Ziacheni.

La mwisho halingoji miadi. Sikio likipotea ghafla, ndani ya siku moja au tatu, msiseme “ndio uzee huo.” Uzee huja polepole, kwa miaka, na kwa kawaida masikio yote mawili. La ghafla ni dharura: kuna dawa zinazosaidia zikianza mapema, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kulirudisha. Mpelekeni siku hiyo hiyo.