Kuchua Misuli kwa Wanaonyanyua Vyuma: Maswali na Majibu

Masaji inamsaidia nini hasa mtu anayepiga vyuma?

Inapunguza maumivu yanayokuja siku ya pili na ya tatu baada ya mazoezi, na inalegeza misuli kwa muda, hivyo goti au bega linakunjika vizuri zaidi. Yote mawili kwa kiasi, si kwa miujiza. Jambo jingine lisilopimika kirahisi ni kwamba mtu aliyechuliwa vizuri hutulia, na usiku anapata usingizi.

Nguvu haiongezi. Mwaka 2020 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walikusanya tafiti 29 zenye washiriki 1,012 na kuzichambua pamoja. Kwenye nguvu, kuruka, mbio fupi na stamina hawakuona faida. Unafuu mdogo ulionekana kwenye unyumbufu wa mwili na maumivu ya misuli. Anayekuahidi kwamba kifua kitajaa kwa kukandwa anakuuzia maneno.

Lakini si inatoa ile asidi iliyoganda kwenye misuli?

Hakuna asidi iliyoganda. Lakteti, kemikali ya misuli inayofanya kazi, ambayo wengi huiita asidi ya laktiki, hupanda unaponyanyua na hushuka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza. Maumivu yenyewe huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huisha ndani ya wiki. Kwa maneno mengine, mshtakiwa alikuwa ameshaondoka eneo la tukio tangu jana yake.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, walipima mkono uliochoshwa kwa mazoezi huku ukichuliwa. Kila kiganja kilipokandamiza, damu ilizuiwa kupita, na lakteti ikachelewa kuondoka badala ya kuwahi.

Kinachouma ni michubuko midogo sana kwenye nyuzi za misuli. Inatokea zaidi pale unaposhusha uzito kuliko unapoupandisha, kwa sababu msuli unavutwa huku ukijitahidi kukaza. Ndiyo maana anayeshuka taratibu kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani, kesho yake anashika ukuta akitaka kukaa. Mwili hupeleka majimaji na chembe za kinga pale palipoumia, sehemu inavimba kidogo na neva, yaani mishipa ya fahamu, zinakuwa nyepesi kuhisi.

Hapo ndipo masaji inapoonekana kufanya kazi. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha McMaster, pia Kanada, kiliwaendeshesha vijana 11 baiskeli ya mazoezi mpaka wakaishiwa nguvu, kisha kila mmoja akachuliwa mguu mmoja kwa dakika 10 na mwingine ukaachwa. Vipande vidogo vya misuli vilivyochukuliwa kwenye miguu yote miwili vilionyesha kwamba dalili za uvimbe wa ndani zilikuwa chache kwenye mguu uliochuliwa. Lakteti haikutofautiana.

Nimechuliwa, maumivu yamepungua. Nirudi kwenye uzito wangu wa kawaida?

Hili ndilo kosa linalowaumiza watu wengi kuliko mchuaji mbaya. Maumivu kupungua si sawa na msuli kupona. Katika utafiti uliofanyika Australia mwaka 2005, watu walichoshwa mikono yote miwili kwa mazoezi ya kushusha uzito, kisha saa 3 baadaye mkono mmoja ukachuliwa kwa dakika 10. Maumivu kwenye mkono huo yalipungua kwa takriban asilimia 30 na uvimbe ukawa mdogo. Nguvu ya mikono ilipopimwa, hapakuwa na tofauti. Mkono uliochuliwa ulikuwa dhaifu kama mwenzake, ila ulikuwa unauma kidogo kuliko mwenzake.

Basi usipime kwa maumivu, pima kwa chuma. Kama ni miguu, weka nusu ya uzito wako wa kawaida wa skwati, fanya seti moja ya mara 8. Magoti yakitetemeka, au mara ya sita ikianza kuwa nzito wakati uzito huo huwa unaucheza, leo si siku ya miguu. Fanya mgongo au mabega, miguu ipe siku moja au mbili zaidi.

Nichuliwe kabla au baada ya mazoezi?

Baada. Muda mzuri ni kuanzia saa 2 au 3 baada ya kumaliza mpaka kesho yake jioni. Masaji ndefu ya kukandamiza kwa nguvu kabla ya kunyanyua uzito mkubwa haifai, kwani inakuacha umelegea wakati unataka mwili uwe macho. Ukitaka kitu kabla ya mazoezi, dakika 5 za kusugua na kutikisa haraka haraka zinatosha, kisha pasha mwili kwa chuma kitupu kisichowekwa uzito.

Kwenye mashindano ya kunyanyua uzito utamwona kocha akimtikisa mwanamichezo mapaja kati ya zamu zake sita, tatu kwa kila mtindo. Mwanamichezo akiitwa ana dakika moja tu ya kuanza kunyanyua, mbili ikiwa zamu iliyotangulia ilikuwa yake mwenyewe. Kutikiswa kule kunamwamsha tu. Usikuchukulie kuwa tiba.

Mwenzangu wa jimu anataka kunichua mapaja baada ya skwati. Afanyeje?

Lala chali, weka taulo iliyokunjwa au kanga chini ya goti ili paja lilegee. Goti likinyooka kabisa msuli unabaki umekaza, na atakuwa anakanda ubao. Mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kila paja. Yakizidi, mkono unateleza na hashiki nyama.

Aanze na viganja vyote viwili, juu kidogo ya goti, akipanda kuelekea nyonga polepole, kama sekunde 5 kila mpito. Kupanda anakandamiza, kushuka anapapasa tu. Dakika 2. Kisha akande kama unga wa chapati: mkono mmoja unakamata nyama na kuiinua, mwingine unaachia, kwa zamu, kutoka upande wa nje wa paja kuja katikati, dakika 3 au 4. Atumie kiganja kizima. Wanaoanza hukimbilia vidole gumba, na baada ya paja la pili vidole vyenyewe vinahitaji kuchuliwa.

Akikuta sehemu imekaza kama kamba, aweke kitako cha kiganja juu yake atulie sekunde 20 hadi 30 bila kusugua, mpaka aisikie inalegea chini ya mkono. Sehemu tatu kwa paja zinatosha. Hilo fundo halivunjwi, maana hakuna kitu pale cha kuvunja. Ni msuli uliojikaza, nao ukikandamizwa kwa utulivu neva huuruhusu uachie. Amalize kwa kulitikisa paja dakika moja, apitishe viganja tena, nawe ukunje na kunyoosha goti taratibu mara 5. Kwa jumla ni kama dakika 10 kila paja.

Kwa nyama za paja za nyuma, lala kifudifudi na mto chini ya vifundo vya miguu. Kuna sehemu mbili za kuheshimu: kile kishimo nyuma ya goti, na upande wa ndani wa paja karibu na kinena. Mishipa mikubwa ya damu na neva zinapita hapo karibu na ngozi, kwa hiyo hapakandamizwi.

Ni kweli kadiri inavyouma ndivyo inavyosaidia?

Si kweli. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, baki kwenye 5 au 6, yaani maumivu ambayo bado unaweza kupumua taratibu ukiwa nayo. Ukianza kukunja ngumi na kubana pumzi, msuli nao unajikaza kujilinda, na mchuaji anashindana na mwili wako badala ya kuusaidia. Madoa meusi kesho yake yanamaanisha vimishipa vimepasuka. Hapo kazi imeharibika, hata mchuaji akikuambia vingine.

Na ukisikia ganzi, au maumivu yanayoruka kama shoti ya umeme kwenda kwenye vidole, mwambie aache hapo hapo. Amegusa neva.

Mafuta gani? Vipi dawa ya kuchua ya dukani?

Mafuta ya nazi au ya ufuta yanatosha, kwani kazi yake ni kupunguza msuguano. Mafuta ya karafuu yanaunguza ngozi yakipakwa peke yake. Tia matone 3 kwenye vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi, jaribu kwanza kwenye mkono kwa siku moja.

Dawa za kuchua zenye harufu kali aghalabu zina mentholi na methili salisileti. Zinaleta ubaridi au joto la ngozi, ambalo hukusahaulisha maumivu ya ndani kwa saa kadhaa. Shida huanza mtu anapozipaka kisha akafunga plastiki juu au akaweka taulo la moto: dawa inaingia kwa wingi na ngozi inaungua. Usizipake kwenye kidonda, kinena wala karibu na macho, na nawa mikono kabla ya kujikuna popote. Salisileti ni ndugu wa aspirini, kwa hiyo anayetumia vidonge vya kuzuia damu kuganda kama warfarini asiiguse mpaka amuulize daktari.

Sina mchua misuli wala pesa ya kumlipa.

Chukua kipande cha bomba gumu la plastiki lenye upana wa sentimita 10 hivi, lifunge taulo kuukuu kwa utepe wa gundi, una rola ya kujichulia. Lalia paja juu yake, jisukume polepole kwa mikono kutoka juu ya goti hadi nyonga, dakika 1 hadi 2 kila msuli. Mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta unafika kwenye bega pale ambapo mkono haufiki. Usiviringishe kiuno juu ya rola ngumu, maana chini ya mbavu kuna figo, na uti wa mgongo unapinda vibaya. Mashine za kuchua zinazotetemeka nazo ni dakika 1 au 2 kwa msuli, mbali na mifupa na mbali kabisa na shingo.

Nimesikia “pa!” nyuma ya paja nikifanya dedilifti, kuinua chuma kutoka sakafuni. Nikandwe kwa maji ya moto?

Usikandwe kwa maji ya moto wala usichuliwe. Huo ni msuli uliochanika, na ndani damu inavuja. Joto na mikono vinaongeza kuvuja. Kwa saa 48 hadi 72 pumzisha mguu, funga bandeji isiyobana sana, uinue ukiwa umelala, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 kila baada ya saa chache. Ukiona shimo kwenye msuli, doa kubwa jeusi, au huwezi kukanyaga, nenda hospitali.

Chuma kikikuangukia pajani, kuwa mwangalifu zaidi. Damu iliyovia ndani ya msuli ikisuguliwa kwa nguvu inaweza kugeuka mfupa katika wiki zinazofuata, na goti likashindwa kukunjika. Vyuma vya saruji vilivyomiminwa kwenye makopo vina tabia ya kuchomoka kwenye bomba, hivyo si ajali ya kufikirika.

Lini nisichuliwe kabisa?

Ukiwa na homa, kidonda, jipu au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Hayo yanajulikana. Yafuatayo ndiyo yanayopita bila kugunduliwa, kwa sababu yanafanana na uchovu wa mazoezi.

Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina joto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, baada ya upasuaji, au kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Ikisukumwa kwa mikono inaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu, nayo huua. Maumivu ya mazoezi kwa kawaida hushika miguu yote miwili.

Mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali mno, misuli imevimba na kuuma kupita kiasi. Seli za misuli zimevunjika na takataka zake zinaziba figo. Hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, na huwapata zaidi wanaorudi jimu baada ya miezi mingi na kutaka kufidia yote kwa siku moja.

Kiuno kinauma pamoja na ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au mkojo hautoki. Neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa. Saa zina maana hapa, usipitie kwa mchuaji kwanza.

Kinyozi ananimalizia kwa kuinyonga shingo mpaka ilie. Inafaa baada ya mazoezi ya mabega?

Mwambie akukande mabega aiache shingo. Kuzungushwa shingo kwa ghafla kunaweza, mara chache, kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ule mlio si mfupa kurudi mahali pake, ni gesi tu ndani ya kiungo.

Nichuliwe mara ngapi kwa wiki?

Mara moja, siku inayofuata zoezi lako zito zaidi, dakika 30, kwenye misuli iliyofanya kazi tu. Mwenye bajeti finyu aanze na chakula: mwili unaopiga vyuma unataka takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kama gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Ikiwa hujafika hapo na usiku unapata usingizi wa saa 5 tu, hela ya mchua misuli ipeleke sokoni, rola ya bomba ikufae kwa sasa.