Kujithamini katika riwaya: mapenzi ya upande mmoja na urithi wa ukoo

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wakiulizwa dhamira za riwaya huandika "mapenzi", halafu "nafasi ya mwanamke", halafu "mila na desturi", kila moja na aya yake na mfano wake. Alama wanapata, wala siwalaumu, maana mtihani ndivyo unavyotaka. Kasoro yake ni kwamba kuna dhamira ambazo hazikubali kutengwa hivyo, na kujithamini ni mojawapo. Unaweza kusoma riwaya kurasa mia tatu usikutane na neno hilo hata mara moja, kumbe kitabu kizima kinalizungumzia.

Kujithamini, kwa maana ya kila siku, ni namna mtu anavyojipima: anastahili nini, avumilie nini, akatae nini. Si majivuno. Mwenye majivuno anataka watazamaji, ilhali anayejithamini anaweza kukataa jambo akiwa peke yake chumbani na asimsimulie mtu. Kwenye riwaya maana ni hiyohiyo, ila msomaji anaongeza swali moja: kipimo hicho mhusika amekitoa wapi? Mtoto hazaliwi na bei. Bei anapangiwa na waliomlea, na hapo ndipo ukoo unapoingia.

Dar es Salaam ukitaja urithi, wa kwanza kufikiriwa ni nyumba. Ile ya Magomeni au Ilala yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani, wapangaji mbele, na watoto wa marehemu wanaovutana nani awe msimamizi wa mirathi. Mwandishi anaweza kuitumia nyumba hiyo, na ugomvi wake unatosha riwaya. Lakini urithi mzito zaidi haufiki Mahakama ya Mwanzo. Ni jina la ukoo, rangi ya ngozi, asili ya babu, deni la baba, au aibu ambayo shangazi huigusia kwa nusu sentensi msibani kisha akanyamaza. Ni maneno kama "sisi hatuolewi kule" au "wewe umetoka kama baba yako, hufiki popote". Mtoto anayasikia kabla hajajua kusoma, na hakuna siku atakayogawiwa rasmi ili aseme sitaki fungu langu.

Sasa mapenzi ya upande mmoja. Waandishi wanayapenda kwa sababu yanafanya kazi ambayo ndoa yenye amani haiwezi kuifanya. Mtu anayependwa anaweza kujidharau miaka mingi na asijue, kwa kuwa mwenzake anamzibia pengo. Asiyependwa hana wa kumzibia. Anachokiamini juu ya nafsi yake kinaonekana chote.

Chukua mhusika wa kubuni: dada mwenye duka la vipodozi Kariakoo. Sokoni ni moto. Akipandishiwa bei ya katoni kwa shilingi mia tano, mwenye mzigo atajuta kumfahamu. Lakini kila Ijumaa jioni anatoa noti kwenye droo ya mauzo, anamtumia mwanamume fulani wa Tabata, na ya kutolea anaiongeza juu. Ujumbe unasomwa papo hapo. Jibu linafika Jumapili: "Poa, asante sana dada angu." Dada angu! Na Ijumaa inayofuata anatuma tena.

Mwandishi mchanga ataandika "hakujithamini" na kufunga sura. Aliyekomaa atauacha ule ukali wa asubuhi na unyonge wa jioni vikae pamoja bila maelezo, na kurasa hamsini mbele, kama kwa bahati tu, atatuonyesha mama yake: chakula kimefunikwa kawa mezani, saa sita usiku, baba hajarudi, na mama anamwambia binti mdogo kwamba mke mwema hulala mwisho. Duka alilianzisha kwa jasho lake. Kusubiri alikurithi. Mistari hiyo michache ya kawa ina ukoo, mapenzi na thamani ya nafsi kwa pamoja, na ndiyo maana kuvigawa kwenye aya tatu ni kupoteza hadithi.

Kwa riwaya iliyokwisha kuandikwa, mfano wangu wa kwanza ni ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa jina la Peponi, ikachapwa hapahapa Dar na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye anamjua kama ami. Dukani anakuta kijana mwingine, Khalil, anayemfungua macho: huyu si ami yako, baba yako ana deni kwake na wewe ni rehani. Urithi wa Yusuf ndio huo. Anakua akijua kwa tarakimu thamani yake machoni pa baba.

Kisha Gurnah anaweka mapenzi yasiyokutana pande mbili. Bibi Zulekha, mke wa tajiri, mwenye doa usoni, anamtamani Yusuf na kuamini mguso wake utamponya. Yusuf anamtaka Amina, na Amina ni mke mwingine wa tajiri huyohuyo, naye pia alifika pale kwa njia ya deni. Mwislamu yeyote aliyesoma sura ya Yusuf katika Kurani anaijua shati iliyochanwa kwa nyuma, na hapa anaikuta tena. Kila mmoja anatafuta kwa mwingine kitu ambacho huyo mwingine hana ruhusa ya kukitoa, kwa sababu hata yeye si mali yake.

Na katikati yao yupo mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa, akatunukiwa uhuru kama zawadi, akaukataa. Hoja yake ni kwamba bibi aliyetaka kumpa hakuwa na uhuru huo mkononi hata autoe. Wapo wanaomwona mzee aliyezoea minyororo. Kwangu mimi ndiye anayejithamini kuliko wote kitabuni, japo hana shamba, hana mke, hana chochote cha kuwaonyesha watu.

Hapa ndipo fasihi inapoachana na wahamasishaji wetu wa redioni na mitandaoni, wanaosema jipende, amka, songa mbele. Ushauri wenyewe si mbaya. Ila Yusuf hawezi kujipenda mpaka deni la baba yake lifutike. Riwaya inakumbuka kwamba bei iliandikwa na watu, wenye majina na masilahi, na inataka tujue ni akina nani.

Euphrase Kezilahabi alilionyesha hilo kwa ukatili zaidi katika Rosa Mistika, mwaka 1971. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa akifika mbali na mkono wa baba, hajui kujipima ila kwa macho ya wanaume. Charles anataka kumuoa, kisha anamwacha kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Ukisema Rosa aliponzwa na tamaa, umelipokea neno la Zakaria bila kulihoji.

Kwa hiyo ukisoma riwaya yoyote na kuitafuta dhamira hii, usianzie mahali mhusika anapolia. Tazama anapokataa kitu, hata kidogo, kiti au sahani ya chakula, kisha rudi nyuma uone nani katika ukoo wake hakuwahi kukikataa. Na jihadhari na mtego mmoja: si kila anayependa bila kupendwa anajidharau. Wapo wanaopenda, wakaambiwa hapana, wakaumia, na Jumatatu wakafungua duka.