Ushahidi wa kielektroniki ni nini, na kwa nini skrinshoti peke yake haitoshi

Ushahidi wa kielektroniki ni taarifa yoyote iliyotengenezwa, kutunzwa au kutumwa kwa kifaa cha kielektroniki ambayo inaweza kuisaidia mahakama kujua nini kilitokea, yani meseji, chati za WhatsApp, imeili, video za kamera za ulinzi, miamala ya simu, mpaka rekodi za minara zinazoonyesha laini ilikuwa inashika mtandao wapi usiku ule. Kwa Tanzania nenda kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, kinasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Wengi wanasoma hapo wanafurahi wanafunga, kumbe kifungu hichohicho kinaendelea, uzito wake utapimwa kwa kuangalia umetengenezwaje, umetunzwaje, umetumwaje, na aliyeutuma katambuliwaje.

Hapo ndo skrinshoti inapokwama. Ni picha ya kioo cha simu tu, na lile jina la juu umelisevu mwenyewe, mtu anaweza kusevu namba ya rafiki yake kwa jina la bosi wakachati wee afu akapiga picha, na wakili wa upande wa pili analijua hilo vizuri sana. Kwa hiyo kama umetishiwa au umetapeliwa, nakuomba sana simu yenyewe usiiuze, usiiflashi, usifute chati hata kama kuiona kunakuumiza. Meseji za WhatsApp zimefungwa toka kwa mtumaji mpaka kwa mpokeaji, kampuni haina uwezo wa kuzisoma, maneno mliyoandikiana yako kwenye simu yako na ya mwenzio. Na picha ukiituma huko kwa njia ya kawaida inabanwa, zile taarifa zake za ndani kama mahali ilipopigwa zinapotea, baki na faili la kwanza.

Polisi wakichukua simu wanatakiwa kujaza hati ya ukamataji wa mali, inayoonyesha wamechukua nini, kisha kila mkono iliopita uandikwe, nani kamkabidhi nani, lini, ikafungiwa wapi. Kesi inayotajwa kila siku kwenye hili ni ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Mtaalamu naye hachokonoi kifaa chenyewe, anatoa nakala ya kilichomo ndani afu anaipigia hashi, yani hesabu ya kompyuta inayotoa alama ya faili kama alama ya kidole, mfano kwa njia ya SHA-256 unatoka mstari wa herufi na tarakimu 64. Ongeza nukta moja tu kwenye faili, piga tena, mstari mzima unakuwa mwingine kabisa, kwa hiyo siku ya kesi hashi ikilingana na ya siku ya kunakili ujue faili halijaguswa. Ila hashi haisemi nani aliandika ile meseji, hilo linahitaji ushahidi mwingine, usajili wa laini, mashahidi, simu ilikutwa na nani.

Kenya wao, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B kinazungumzia cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani, na kesi nyingi zinaumia hapo kwa cheti kusahaulika.

Sasa kubadilishana ushahidi kati ya nchi na nchi. Tuseme taarifa za akaunti unayoichunguza ziko kwa kampuni ya Marekani, mpelelezi wa Dodoma hawezi kwenda tu kuzichukua, kwa kawaida ombi linapita serikalini, nchi kwa nchi, Tanzania ina sheria ya kusaidiana kwenye makosa ya jinai toka 1991, na safari hiyo inaweza kula miezi wakati kumbukumbu za mtandao zinafutika zenyewe. Ndo maana Mkataba wa Budapest wa 2001, ule wa makosa ya mtandao, na ule wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Desemba 2024, yote inataka kila nchi iwe na ofisi inayopatikana saa 24, ili ombi la kwanza liwe la kuzuia taarifa zisifutwe, kuzipata zenyewe kunafuata karatasi zikikamilika.