Kadi ya Kwanza ya Mkopo Nchini Marekani: Kuacha Deni Hakukuongezei Alama

Kampeni ya elimu ya fedha ambayo hufanyika Marekani kila mwezi wa Aprili imelifikisha kwenye dawati letu la ushauri lalamiko moja linalojirudia. Familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo na Burundi, huomba kupanga nyumba au kununua gari kwa mkopo, kisha huambiwa kwamba alama yao ya mkopo, yaani namba inayomwonyesha mkopeshaji jinsi mtu anavyolipa madeni yake, ni ndogo au haipo kabisa, ilhali baba au mama ana kadi mfukoni tangu mwaka jana. Mara nyingi kadi yenyewe haina kasoro. Tatizo ni jinsi ilivyochaguliwa na inavyotumiwa. Maelezo yafuatayo ni ya jumla, na mkataba uliotia saini na mtoa kadi wako ndio unaokufunga wewe na yeye.

Alama ya FICO, inayotumiwa na wakopeshaji wengi, huanzia 300 hadi 850, na haiwezi kukokotolewa mpaka uwe na angalau akaunti moja ya mkopo iliyotimiza miezi 6. Akaunti hiyo sharti iwe imeripotiwa kwa Equifax, Experian au TransUnion, taasisi tatu zinazotunza ripoti za mikopo ya watu. Kadi ya kawaida ya benki, inayokata fedha zako mwenyewe, hairipotiwi huko hata uitumie miaka kumi. Kwa upande mwingine, wako wakimbizi waliokwisha kuanza kujenga historia ya mkopo bila kujua, kwa sababu mkopo wa nauli ya ndege wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), usio na riba na ambao kwa kawaida huanza kulipwa miezi 6 baada ya kuwasili, unaweza kuripotiwa. Barua za mkopo huo zisiwekwe kando bila kufunguliwa.

Kwa asiye na historia yoyote, kadi inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ile ya dhamana: unaweka amana, mara nyingi dola 200 au 300, na kiasi hichohicho kinakuwa ukomo wako wa kutumia. Kabla ya kutoa amana, uliza kama mtoa kadi anaripoti kwa taasisi zote tatu, kama kuna ada ya mwaka, na baada ya muda gani anaweza kukuhamishia kwenye kadi isiyo ya dhamana na kukurudishia fedha zako. Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, usiichukue kadi hiyo. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inazuia ada za mwaka wa kwanza, ukiondoa faini za kuchelewa, zisizidi asilimia 25 ya ukomo, na inamtaka aliye chini ya umri wa miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kuomba kwa watoa kadi wanaokubali namba ya mlipakodi, yaani ITIN.

Amana si malipo ya kadi. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na bado tunapokea watu walioacha kulipa kwa kuamini kwamba benki inajikata kutoka kwenye amana kila mwezi. Benki haifanyi hivyo. Huishika amana hiyo ikiwa umeshindwa kulipa, na kufikia hapo historia yako imekwisha kuharibika.

Imani nyingine, ambayo imeenea hata kwa watu wenye elimu nzuri, ni kwamba ni lazima ubakize deni kidogo kila mwezi ili alama ipande. Si kweli, wala haikuwahi kuwa kweli. Kila mwezi hutolewa taarifa ya hesabu inayoonyesha jumla ya deni, na sheria inataka itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa kadi zilizo nyingi, ukilipa jumla hiyo yote kabla ya tarehe hiyo, hutozwi riba kwa manunuzi yako, na malipo yanarekodiwa kuwa yamefanyika kwa wakati. Ukibakiza dola 250 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 28 kwa mwaka, utatozwa karibu dola 6 kwa mwezi, na hakuna taasisi itakayokuongezea alama kwa gharama hiyo. Kwa Waislamu wanaotuuliza kuhusu riba, tunaweza kueleza jinsi hesabu inavyofanyika. Hukumu ya kutia saini mkataba wenye kipengele cha riba waulizwe masheikh.

Kinachochanganya watu ni kwamba deni linaloripotiwa kwa kawaida ni lile lililomo kwenye taarifa ya hesabu. Mwenye ukomo wa dola 300 akitumia dola 270, ataonekana ametumia asilimia 90 hata kama atalipa zote wiki inayofuata, na kiasi cha madeni kina uzito wa takriban asilimia 30 katika alama ya FICO. Ni afadhali kadi ibebe matumizi madogo yanayojulikana, kwa mfano bili ya simu, na malipo ya jumla yote yawekwe yajilipe yenyewe kutoka benki.

Historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35. Ukichelewa siku moja unaweza kutozwa faini, lakini kuchelewa huko hakuripotiwi mpaka zipite siku 30, kwa hiyo aliyesahau alipe leo badala ya kungoja mshahara ujao. Zikipita siku 60, mtoa kadi anaruhusiwa kupandisha riba hata ya deni lililokuwapo, na anapaswa kuirudisha ukilipa kwa wakati kwa miezi 6 mfululizo. Rekodi ya kuchelewa inaweza kukaa kwenye ripoti kwa miaka 7. Ndugu akiazima kadi asirudishe fedha, rekodi hiyo ni yako, wala hatuna njia ya kuihamishia kwake.

Ripoti zako hupatikana bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com, na kuziangalia hakupunguzi alama. Ukikuta kosa, wasilisha pingamizi kwa taasisi husika. Kwa kawaida inapewa siku 30 kuchunguza, na katika hali fulani 45. Kosa likiwa kwenye bili yenyewe, mwandikie mtoa kadi barua kwa anwani iliyotengwa kwa ajili ya malalamiko ya bili, imfikie ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa ilipotumwa. Simu peke yake haikulindii haki hiyo. Anatakiwa kukiri kupokea barua ndani ya siku 30 na kumaliza shauri ndani ya mizunguko miwili ya bili, isiyozidi siku 90. Anayedai malipo ya awali ili "akusafishie" alama anavunja sheria ya shirikisho, kwani hairuhusiwi kupokea fedha kabla huduma haijakamilika. Asiyeweza kuandika barua kwa Kiingereza aje dawatini na taarifa ya hesabu pamoja na bahasha yake, kabla ya siku hizo 60 kwisha.