Taja Miaka Yako: Dhana Potofu Kuhusu Umri na Uzee Huku Kanda ya Ziwa

Mimi nilizaliwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanawake wa rika langu hapa Mwanza wanalikwepa sana swali la umri, na wanaume siku hizi nao hawako nyuma. Mvi zinapakwa rangi, mwaka wa kuzaliwa unasogezwa mbele, na ukimjulia mtu hali anakujibu "mzima kabisa, namshukuru Mungu" huku goti limevimba. Kupaka nywele rangi ni hiari ya mtu, sina neno. Kinachoniuma ni kwamba ukimya huu umezaa imani nyingi zisizo za kweli kuhusu kuzeeka. Baadhi ya imani hizo zinaumiza watu, na nyingine zinaua.

"Ukitaja umri unajizeesha"

Pale soko la Mwaloni, Kirumba, kijana akimwambia muuza dagaa "Bibi, sado bei gani?" anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. "Bibi yako yuko Magu," ataambiwa, "hapa kuna mama." Namwelewa yule mama. Biashara inataka mtu anayeonekana ana nguvu, na kuitwa bibi na mtu usiyemjua ni kama kuambiwa uwapishe wengine.

Lakini kuficha miaka sokoni ni jambo moja, kuificha mbele ya daktari ni jambo jingine. Umri wako ni sehemu ya vipimo. Chukua figo: maabara inapima kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, kwenye damu, kisha namba hiyo inapigiwa hesabu pamoja na umri na jinsia ili kujua figo zinachuja kiasi gani. Ukijipunguzia miaka kumi, figo zako zitaonekana zina nguvu kuliko zilivyo, na dozi ya dawa inaweza kukuzidi. Au mwanamke wa miaka 51 aliyeandikisha 39. Akisema hedhi haijaonekana miezi mitatu na usiku joto linampanda mpaka shuka linalowa, watahangaika na kipimo cha mimba na cha malaria kabla mtu hajafikiria kukoma hedhi, jambo linalowafika wengi kati ya miaka 45 na 55.

Kuna na haki zinazopotea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na ndiyo msingi wa dirisha la wazee hospitalini na msamaha wa matibabu kwa wasio na uwezo. Aliyejipunguzia miaka kwenye kitambulisho atasimama foleni na vijana.

"Wazee wetu hawajui umri wao"

Ni kweli wengi walizaliwa nyumbani na hawana cheti. Ni kweli pia kwamba katika sensa za nchi nyingi umri hurundikana kwenye 50, 55, 60, 65, kwa sababu watu wanakadiria. Ila kutojua namba si kutojua umri. Uliza kwa lugha ya ziwa.

Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya meta mbili, na mashamba ya kandokando yakamezwa. Muulize bibi: mvua zile za uhuru, ulikuwa unabebwa mgongoni, unachunga mbuzi, au ulishaolewa? Muulize babu wa Ukerewe: ulianza kuvua wakati nyavu bado zinaleta furu na ningu, au ulikuta sangara ameshajaa? Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 lakini alitapakaa kweli miaka ya 1980, kwa hiyo jibu hilo peke yake linatenganisha vizazi viwili. Halafu fuata Operesheni Vijiji ya 1974, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Majibu matatu yakikubaliana, mwaka wa kuzaliwa unapatikana kwa tofauti ndogo sana. Fanyeni hivyo kabla ya kujaza fomu ya NIDA, na msimwache karani abuni tarehe kwa kumtazama mzee usoni.

"Ndiyo uzee huo"

Kama ningepewa uwezo wa kufuta sentensi moja vinywani mwetu, ningefuta hii. Mtu wa miaka 62 anavimba miguu, anaambiwa ndiyo uzee huo. Anahema akipanda mlima wa Bugando, ndiyo uzee. Anaamka kukojoa mara tano usiku, uzee tu. Kwa hiyo hatibiwi, na akifa tunasema alikuwa amekula chumvi nyingi.

Uzee wenyewe upo, na una dalili zake. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na kusoma kwa karibu kunakuwa shida, awe tajiri au maskini. Usingizi unakuwa mwepesi na unakatika alfajiri. Kiu inapungua hata pale mwili unapohitaji maji, ndiyo maana mzee anatakiwa kunywa maji bila kusubiri kiu. Majina ya watu yanachelewa kufika ulimini. Hayo ni ya umri.

Mtoto wa jicho huja na umri, lakini si wa kuvumilia: ile lenzi iliyoingia ukungu hutolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa ya bandia, na mtu anaona tena. Presha inawapata wazee wengi zaidi kwa sababu mishipa inapoteza unyumbufu, ila 170 kwa 100 haigeuki kuwa salama kwa sababu una miaka 70. Tezi dume hukua kwa wanaume wengi waliopita 50, na mara nyingi si saratani. Wanaume wanakaa nayo kimya kwa aibu mpaka mkojo unaziba kabisa, wakati kuna dawa na upasuaji. Na kusahau: kulisahau jina la jirani ni jambo la kawaida, kupotea njia ya kutoka Buzuruga kwenda nyumbani kwako mwenyewe si kawaida, hata ukiwa na miaka 85. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ubongo, na inahitaji daktari.

Nirudi kwenye macho, maana hapo kuna hasara ya wazi isiyosemwa. Mtazame mfanyabiashara wa miaka 48 stendi ya Nyegezi akijaribu kusoma ujumbe wa muamala. Anaisogeza simu mbali, mkono unafika mwisho, herufi bado zinacheza. Badala ya kusema "sioni karibu", anampa kijana aliye jirani: "Hebu nisomee." Mara ya kwanza ni kusoma. Baadaye kijana ndiye anayebonyeza namba ya siri. Miwani ya kusomea ni kitu cha bei nafuu. Hata hivyo pimwa kwanza, kwa sababu presha ya macho inakula uwezo wa kuona polepole bila maumivu yoyote, na kinachopotea hakirudi.

"Bibi mwenye macho mekundu ana kitu"

Hili naliandika kwa uchungu. Usukumani, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yametumika kama ushahidi. Ukweli wa macho hayo uko jikoni. Mwanamke ameanza kupuliza moto akiwa mtoto, kwa kuni, kwa vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa, kwa mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Moshi huo unayaunguza macho kila siku kwa miaka hamsini. Ongeza trakoma, inayokunja kope zikamkwaruza mboni, na macho yanayokauka kwa umri. Macho ya mama yeyote aliyewapikia watu kwa muda huo yatakuwa mekundu.

Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mjane mwenye ekari zake, mkwe anayezitaka, mganga wa ramli anayelipwa ataje jina. Na mwanamke anayeogopa tuhuma anaficha kila dalili ya uzee: haendi kutibiwa macho asije akaonekana ana macho mekundu, haongei peke yake, hatoki jioni. Huko kujificha ndiko kunakomtenga na majirani ambao wangemtetea. Jiko linalopunguza moshi, dirisha, na safari ya kliniki ya macho akisindikizwa na mjukuu mchana kweupe vingelinda maisha kuliko maonyo tunayoyasikia baada ya mazishi.

"Mzee apumzike"

Kupumzishwa kupita kiasi ndiko kunakommaliza. Msuli usiotumika unaisha, na unaweza kurudi katika umri wowote. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee dhaifu 10, wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Msimnyang'anye mama jembe lake la bustani kwa upendo.

"Moyo nao unazeeka"

Tunasema ng'ombe hazeeki maini, halafu tunamshangaa mzee anayecheka, anayependa muziki, anayetamani mwenza. Watafiti waliowauliza watu wazima wa Denmark walikuta kwamba waliopita miaka 40 wanajihisi wadogo kwa takribani asilimia 20 kuliko umri wao. Mimi najihisi hivyo hivyo: ndani yangu kuna mtu wa miaka arobaini na kitu anayeshangaa mikono yake. Hiyo haimaanishi najidanganya. Naijua miaka yangu, na bado yule wa ndani yupo.

Yapo magumu pia, na ni haki kuyasema. Marafiki wanapungua. Simu ya usiku inatisha. Lakini wengi wanasema hasira imepungua, wanajua nani wa kukaa naye na nani wa kumwacha apite. Huko Ohio, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 na Becca Levy na wenzake uliwafuatilia watu 660 wa miaka 50 na zaidi, na wale waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi. Hilo halithibitishi kwamba fikra peke yake ni dawa. Linatosha kunifanya nisikubali kuzungumziwa kana kwamba nimekwisha.

"Nikisema nimechoka nitakuwa mzigo kwa watoto"

Watoto hawawezi kuona unachokificha. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na Bugarika zimejengwa juu ya mawe, na kufika mlangoni ni kupanda jiwe hadi jiwe. Mama wa miaka 68 anayeshuka pale baada ya mvua, gizani, na goti linalomsaliti, hasemi kitu. Anaposema ni siku amevunja nyonga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 60.

Angesema mapema, "mwanangu, lile jiwe la tatu linanishinda," kazi ingekuwa ya siku moja: mfuko wa saruji kuchonga ngazi pale penye mteremko, bomba la chuma la kushikilia upande wa ukuta, taa ya nje, na zile ndala zilizoisha soli zitupwe, anunuliwe viatu vinavyong'ang'ania jiwe.