Ukisusa, mshahara haukufuati nyumbani

Kila dirisha la usajili likikaribia, ofisini kwangu Upanga haukosi mchezaji wa kikapu, mara nyingi kaongozana na mjomba wake, na maneno ni yale yale: "Wakili, mkataba wangu una dhamana. Hata nisipokanyaga mazoezini, lazima wanilipe." Kisha simu inatolewa, naonyeshwa picha ya Ben Simmons, mchezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Haya, tumsome huyo Simmons mpaka mwisho.

Dhamana inakulinda ukiumia au kiwango kikishuka. Haimlindi anayekataa kazi. Simmons aliomba kuondoka klabu yake ya Philadelphia 76ers mwaka 2021 akiwa na misimu minne mbele yake, na kambi ilipofunguliwa hakutokea. Oktoba mosi alitakiwa kupokea dola milioni 8.25, robo ya mshahara wa msimu. Klabu ikaziweka kwenye akaunti ya pembeni ili faini zikatwe humo. Kwa kila mechi anayoikosa bila sababu inayokubalika, mchezaji hukatwa sehemu 1 kati ya 91.6 za mshahara wa mwaka. Kwake yeye ni kama dola 360,000. Kiwango hicho hakikutungwa na tajiri wa timu kwa hasira. Kimo kwenye makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji wenyewe.

"Lakini si alilipwa baadaye?" Alihamishiwa Brooklyn Nets Februari 2022, akafungua madai dhidi ya 76ers, na Agosti pande mbili zikamalizana kimyakimya, kiasi hakikutangazwa. Kumalizana si kushinda. Tena mwenzako alikuwa na hoja ya afya ya akili na chama kizito nyuma yake. Wewe una mjomba.

Hapa kwetu Tanzania ndiyo usiseme. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hata mgomo halali haumlazimishi mwajiri kulipia kazi ambayo haikufanyika. Sembuse wewe uliyesusa peke yako kwa ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku?

"Wakizuia mshahara, mkataba umekufa, niko huru." Mkataba haufi kwa tangazo la upande mmoja. Muulizeni mwanasoka Feisal Salum: aliwarudishia Yanga fedha Desemba 2022 akiaga, Januari kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wao, na Azam alikwenda katikati ya 2023 baada ya klabu kuelewana. Na ile kanuni ya FIFA ya miezi miwili bila mshahara ni ya soka, inataka notisi ya maandishi ya siku 15, na inamfaa aliyekuwa kazini.

"Nitasema naumwa." Sema, ila kwa cheti, na ukiitwa na daktari wa timu, nenda.

Kuna dhana nyingine ninayoisikia kwa viongozi wa klabu: kwamba mshahara wanaweza kuukata wapendavyo. Hawawezi. Makato yana masharti yake kisheria, na faini isiyo na kifungu ni dai jepesi mno kwangu kulishinda.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule unaowachosha: nenda mazoezini kila siku, saini daftari la mahudhurio, andika barua ya malalamiko na nakala yake irudi na muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wengi hunifikia miezi mitano baadaye, na hapo kabla ya kudai chochote tunaanza na maombi ya kusamehewa kuchelewa.