Je, wajua kwa nini simu huharibu sauti ya tamasha?

Asubuhi baada ya onesho unafungua simu ukiwa bado kitandani. Picha ni safi: mwimbaji yupo, taa zipo, mikono ya watu iko juu. Unabonyeza video icheze, na kinachotoka ni kama bati linaburutwa kwenye lami. Besi imekuwa mkoromo, mwimbaji anaibuka na kuzama kama mtu anayejifunza kuogelea. Wengi huilaumu simu kwamba ni ya bei chee. Lakini hata simu ya milioni tatu, ukisimama nayo pale pale mbele ya spika, itakupa mkoromo ule ule au jirani yake. Maiki haikushindwa kusikia. Imesikia kupita uwezo wake.

Hesabu yake ni hii. Mazungumzo ya watu wawili waliokaa karibu huwa kama desibeli 60. Mbele ya jukwaa la singeli au la dansi, desibeli 105 hadi 110 si ajabu. Tofauti ya 50 inaonekana ya kawaida, ila desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti inazidishwa mara 10. Kwa hiyo hizo 50 ni mara 100,000. Maiki ya simu ni kidude kidogo sana kilichotengenezwa kwanza kwa ajili ya mtu anayesema "haloo", na nyingi zinafika kikomo penye desibeli 120 hivi. Utasema 110 bado iko chini ya 120. Ni kweli, lakini huo ni wastani. Pigo moja la ngoma kubwa huruka juu ya wastani kwa desibeli 10, 15 na zaidi. Kwa mwendo wa singeli, mapigo 200 kwa dakika kwenda juu, kikomo kinaweza kuvukwa zaidi ya mara tatu kila sekunde.

Kikivukwa, hutokea nini? Wazee wanaojua kupimiwa nafaka wanakumbuka pishi ya kichwa na pishi ya mfuto. Muuzaji mwenye roho nzuri anakuachia kichuguu juu ya kipimo. Mwenye mkono wa birika anapitisha kiganja ukingoni na kichuguu chote kinarudi guniani. Wimbi la sauti nalo lina kilele. Chombo kikishajaa, kilele kinafutwa, na kinachorekodiwa ni wimbi lenye kichwa bapa. Ubapa huo ndio mkwaruzo unaousikia, kwa kuwa wimbi likikatwa ghafla huzaa sauti nyingine za juu ambazo hakuna mpiga ala aliyezipiga. Programu zinazodai kurekebisha zinakisia tu umbo la kichuguu kilivyokuwa.

Mkosaji wa pili yumo ndani ya simu, na huyu ana nia njema. Simu hujipandishia na kujishushia sauti yenyewe ili maneno yasikike. Sikiliza rekodi yako tena, hasa pale bendi inaponyamaza ghafla: kelele za watu zinavimba taratibu, kikohozi cha aliye nyuma yako kinakuwa kikubwa kama mzinga, halafu ngoma ikirudi kila kitu kinabonyezwa chini pamoja na mwimbaji. Zaidi ya hapo, simu huchuja "kelele". Kwake, sauti ndefu isiyobadilika ni mngurumo wa feni. Kinanda kinachoshikilia noti moja nyuma ya mwimbaji, au fidla za taarabu zikivuta kwa pamoja, vinaweza kupunguzwa kwa kudhaniwa uchafu.

Basi tiba, karibu yote, ni ya kupunguza, na kupunguza hakuna gharama.

Anza na miguu. Penye uwanja wa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka kama desibeli 6. Toka mita 5 hadi 20 na umeshusha 12, yaani umetoka kwenye eneo la hatari bila kununua kitu. (Zile spika ndefu zinazoning'inizwa kwa minyororo kwenye majukwaa makubwa hushuka polepole zaidi, kwa hiyo rudi nyuma zaidi.) Pa kusimama panajulikana: karibu na meza ya fundi mitambo. Yule hapangi sauti kwa ajili ya walio mbele kabisa, anapanga kwa anachosikia pale alipo. Mashabiki wa bendi ya Kimarekani ya Grateful Dead, waliokuwa wakienda na maiki zao kwenye maonesho, walilijua hilo mapema, na mwaka 1984 bendi ikawatengea sehemu yao rasmi, nyuma ya meza ya fundi. Maiki zao walizisimika kwenye milingoti mirefu, juu ya vichwa vya watu. Kwetu kijiti cha kujipigia picha (selfie stick) kinatosha.

Usiegemee ukuta wala usijibanze kwenye kona. Besi hugonga ukuta ikarudi na kujilimbikiza hapo hapo. Anayepata kuhudhuria tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ajaribu mwenyewe: simama penye uwazi, kisha sogea hadi mgongo uguse jiwe. Utaihisi besi mbavuni kabla ya sikioni.

Pili, iambie simu iache ujuaji. Tangu toleo la 7 la Android, programu inaweza kuomba sauti ghafi isiyochujwa, mradi simu yenyewe inaruhusu. Open Camera, ambayo ni ya bure, ina sehemu ya kuchagua chanzo cha sauti kwenye mipangilio ya video. Ukiona programu ya kurekodi yenye kipimo cha sauti kinachopanda na kushuka, shusha kiwango mpaka mapigo makubwa yaishie karibu na desibeli -12 za kipimo hicho. Sifuri ndio ukingo wa pishi. Rekodi ikitoka ndogo utaikuza nyumbani, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Ila kama ni maiki yenyewe iliyozidiwa, kushusha kiwango hakusaidii kitu. Hapo dawa ni kurudi nyuma tu. Wapo wanaobandika utepe juu ya tundu la maiki. Nimejaribu. Unaua matoazi na sauti nyembamba za mwimbaji, besi inapita kama kawaida, na video yako inasikika kama imerekodiwa chooni na mlango umefungwa.

Kama una akiba kidogo, nunua rekoda ya mkononi kabla ya kufikiria simu mpya. Mfano Zoom H1essential, iliyotoka mwaka 2024 kwa takriban dola 100, inarekodi kwa mfumo wa biti 32 usiohitaji kupanga kiwango. Matangazo husema haiwezi kuzidiwa. Hapo niwatahadharishe: kinachosemwa hakizidiwi ni ghala, yaani faili inayohifadhi sauti, wakati maiki zake nazo zina kikomo chao, desibeli 120. Mchele ukishafutwa mlangoni, ukubwa wa ghala haukusaidii. Rekoda hizi zinafaa sana, lakini kanuni ya miguu haijafutwa.

Njia inayoonekana tamu kuliko zote ni kuchomeka waya kwenye mixa, ile meza ya fundi inayochanganya sauti. Muombe fundi kwa adabu, kabla onesho halijaanza na si akiwa katikati ya kuhangaika na mlio wa spika. Ruhusa ya bendi nayo ni lazima: sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inawalinda wasanii kwenye hilo pia. Waya ukipatikana, una mitego miwili. Wa kwanza ni umeme: mixa hutoa kama volti moja, na tundu la maiki la simu linategemea sehemu chache za elfu ya volti. Ukiunganisha moja kwa moja umerudia kosa la mwanzo kwa njia ya waya. Tafuta waya wenye kipunguzi, au rekoda yenye tundu la "line in", la kupokea sauti ya mixa.

Wa pili ulinipata mimi. Bendi ya watu sita kwenye baa ndogo, fundi mkarimu, waya safi. Nilipofika nyumbani nikakuta mwimbaji yuko peke yake, mkavu, kama anaimba kabatini, na ngoma ziko mbali mno. Sababu ni rahisi: kwenye ukumbi mdogo ngoma na gita vinajitosheleza vyenyewe, fundi hana haja ya kuvipitisha kwenye mixa. Tangu hapo nachukua vyote viwili, waya kutoka kwenye mixa na rekoda pale ukumbini, kisha navichanganya kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo pia ni ya bure. Kumbuka tu kwamba sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde kwenye joto letu. Rekoda iliyo mita 30 kutoka kwenye spika inachelewa kwa sekunde 0.086, kwa hiyo sogeza sauti yake ndani ya programu hadi mapigo ya ngoma yalingane, la sivyo kila pigo litakuwa na pacha.

Na masikio? Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi za burudani. Palipomzidi maiki pamekuzidi na wewe. Vizibo vya sponji vinauzwa kwa bei ya soda.

Jambo moja bado linanishinda. Rekodi yangu bora kuliko zote, ya uwanjani, mita 25 kutoka jukwaani, kiwango kimekaa vizuri, matoazi yanang'aa, ina mtu anayeimba kiitikio chote kwa sauti mbovu, nusu mita kutoka kwenye maiki. Kanuni ile ile ya umbali. Nilimtafuta sana nani yule, mpaka aliposimama kuagiza chipsi mayai nikajitambua.